Kadi Zilizomchelewa Satchel Paige

Wiki hii historia yetu inaenda mbali kidogo, hadi Marekani, kwa mchezo ambao wengi wetu hapa kambini hatujawahi hata kuugusa: besiboli. Msikimbie. Habari yenyewe ni ya mtu mmoja na karatasi zake. Kuna karatasi ya kuzaliwa iliyobishaniwa maisha yake yote. Kuna karatasi za mechi ambazo wakubwa hawakuzijali. Kuna kikadi chenye picha yake kilichouzwa pamoja na bigijii. Na kuna karatasi za pensheni ambayo alikaribia kuikosa. Sisi ambao bila kadi hatupati mgao, na bila kibali hatutoki getini, tunadhani tunaweza kumuelewa huyu mzee kuliko watu wengi.

Jina lake Leroy Robert Paige, ila dunia inamjua kama Satchel Paige.

Tuanze na mchezo kwa kifupi. Katika besiboli kuna mrushaji, anayesimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, kama mita 18 hivi, anasimama mpigaji wa timu pinzani na rungu lake la mbao. Mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu, mpigaji anajaribu kuupiga uende mbali ili apate nafasi ya kukimbia kupitia vituo vinne. Akimaliza mzunguko, timu yake imepata pointi moja. Akiukosa mara tatu, anatolewa. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Timu zote mbili zikishapiga hivyo, imekwisha zamu moja, na mechi nzima ina zamu tisa. Hayo yanatosha.

Sasa fikirieni mkono wa mrushaji. Kwa mechi moja nzima anaweza kurusha mara mia moja na zaidi, tena kwa nguvu. Bega na kiwiko vinachakaa mapema. Wengi wanaacha kabla ya kufika miaka 40. Ndiyo maana mrushaji mzee anapoendelea kucheza, watu wanaanza kuhesabu: wa kwanza kwa umri huu, wa kwanza kwa umri ule. Aprili 2012 Jamie Moyer wa timu ya Colorado Rockies alishinda mechi akiwa na miaka 49, akawa mrushaji mzee kuliko wote kushinda mechi katika ligi kuu ya Marekani. Ni jambo kubwa. Lakini ukiuliza nani alipanda kile kilima akiwa mzee kuliko wote, jibu ni Paige, na Moyer hamkaribii.

Paige alizaliwa mji wa Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, katika familia maskini yenye watoto wengi. Rejista inasema tarehe 7 Julai 1906. Lakini kwa miaka mingi watu walibishana kuhusu umri wake, na yeye mwenyewe hakuwasaidia. Alipenda kusimulia kwamba tarehe yake iliandikwa kwenye Biblia ya familia, halafu mbuzi akaila ile Biblia. Kila mwandishi wa habari aliyemuuliza umri aliondoka na jibu lake.

Wengi mnacheka, lakini mnaijua hii. Kwetu vita ndiyo iliyokuwa mbuzi. Cheti kilibaki nyumbani, nyumba ikaungua, na mzazi aliyejua tarehe hayupo. Ukifika kwenye meza ya usajili na hujui siku, unaandikiwa tarehe 1 Januari. Ndiyo maana kambini mwaka mpya una watu wengi waliozaliwa siku moja kuliko mahali popote tunapopajua.

Jina la Satchel linamaanisha mkoba. Alipokuwa mtoto alibeba mizigo ya abiria kwenye stesheni ya treni ya Mobile kwa senti chache. Kwa kuwa mkoba mmoja mmoja haulipi, alichukua fimbo na kamba akafunga mikoba kadhaa kwa pamoja, akatembea nayo yote. Wenzake wakamwita mkoba, jina likakaa. Alipofika miaka 12, mwaka 1918, alikamatwa kwa wizi mdogo dukani, akapelekwa shule ya kurekebisha watoto weusi huko Mount Meigs. Alikaa miaka mitano. Humo ndimo alimofundishwa kurusha mpira sawasawa: kuinua mguu juu, kumficha mpigaji mpira hadi dakika ya mwisho, na kulenga.

Mwaka 1926 akaanza kulipwa kwa kucheza, katika timu ya watu weusi ya Chattanooga. Na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa za Marekani walikuwa wamekubaliana kwamba mtu mweusi hachezi kwenye ligi zao. Hakukuwa na kifungu cha kumsomea mtu, wala tangazo la kubandua ukutani. Mlango ulikuwa umefungwa tu, na ukiuliza nani kaufunga, kila mmoja anamnyoshea mwenzake kidole.

Basi watu weusi wakajenga ligi zao. Mwaka 1920, mjini Kansas City, Rube Foster, aliyekuwa mrushaji kabla ya kumiliki timu, aliwakutanisha wenye timu wenzake wakaanzisha ligi ya taifa ya watu weusi. Nyingine zikafuata. Paige alipita Birmingham Black Barons, akang'aa na Pittsburgh Crawfords, baadaye Kansas City Monarchs. Tarehe 4 Julai 1934 alicheza mechi nzima dhidi ya Homestead Grays bila mpigaji hata mmoja kufika kituoni kwa kupiga vizuri, na akawatoa wapigaji 17 kwa kuwakosesha mpira mara tatu. Mwaka 1942 yeye na Monarchs wakawashinda haohao Grays kwenye fainali.

Kati ya mechi na mechi kulikuwa na barabara. Hoteli nyingi ziliwakataa, migahawa iliwakataa, wakalala ndani ya basi na kula walichonunua dirisha la nyuma. Msimu ukiisha, Paige alienda kucheza Cuba, Puerto Rico, Mexico. Mwaka 1937 alikuwa Jamhuri ya Dominika, akichezea timu iliyobeba jina la dikteta Trujillo. Alicheza pia mechi za kirafiki dhidi ya nyota weupe wa ligi kuu, akina Dizzy Dean na Bob Feller. Maana yake kila mtu alijua uwezo wake. Hakuna aliyeweza kusema, "Hatukumuona." Walimuona, wakamlipia kiingilio, wakampigia makofi, halafu Aprili ikifika ligi yao ikaanza bila yeye.

Mwaka 1938 mkono ukamuuma vibaya akiwa Mexico, hata kuuinua akashindwa. Ilionekana kazi imekwisha. J. L. Wilkinson, mwenye Monarchs, akampa nafasi kwenye kikosi chake cha pili kilichozunguka miji midogo, kwa sababu jina tu la Paige lilileta watu. Mwaka uliofuata mkono ukarudi. Wakati huo alikuwa na miaka 33, umri ambao warushaji wengi wanaanza kufikiria kupumzika. Ligi kuu haikuwa imempa hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye kadi.

Zamani, mwishoni mwa miaka ya 1800, kampuni za sigara za Marekani ziliweka kadi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Wakaona bora wachape picha juu yake, na picha zilizopendwa sana ni za wachezaji wa besiboli. Seti maarufu ilitoka kati ya 1909 na 1911, na ndani yake kuna kadi ya Honus Wagner ambayo zilichapwa chache sana. Moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Kadi moja, ndogo kuliko ile yetu ya mgao.

Baadaye, miaka ya 1930, kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni za bigijii. Mtoto alinunua bigijii kwa senti, akatafuna, akatoa kadi, akaenda kubadilishana na wenzake shuleni kama sisi tulivyobadilishana picha za wachezaji wa soka. Mbele kuna sura ya mchezaji. Nyuma kuna jina, mahali alipozaliwa, kimo, na hesabu za mechi zake. Yaani ni kitambulisho. Mtoto wa kijiji cha mbali ambaye hajawahi kuingia uwanjani aliwajua wachezaji kwa kitambulisho hicho. Aliyekuwa na kadi alikuwepo. Asiye na kadi, kwa mtoto yule, hakuwepo.

Na Paige, katika miaka yake ya nguvu, hakuwa na kadi ya kampuni hizo. Wala wenzake weusi. Walioweka sura za wachezaji weusi wa Marekani kwenye kadi ni watu wa visiwani, Cuba na Puerto Rico, ambako walienda kucheza wakati wa baridi. Josh Gibson, mpigaji mkubwa aliyecheza pamoja na Paige Pittsburgh, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Kadi yake inayotafutwa sana leo ilitoka Puerto Rico, miaka kadhaa baada ya yeye kuzikwa.

Gibson alikosa kwa miezi mitatu tu. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na ule mlango uliofungwa zaidi ya miaka 60 ukafunguka. Julai hiyohiyo Larry Doby akaingia Cleveland Indians. Walichaguliwa vijana. Paige alikuwa na miaka 40, na inajulikana kwamba kupitwa kulimuuma.

Mwaka uliofuata Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland, akamuita kwa majaribio. Kocha Lou Boudreau, ambaye pia alikuwa mchezaji na mpigaji mkali, alishika rungu mwenyewe kumpima mzee, na mzee akamshinda. Mkataba ulisainiwa tarehe 7 Julai 1948. Siku hiyo, kwa mujibu wa rejista ya Mobile, Paige alikuwa anatimiza miaka 42. Siku mbili baadaye akapanda kilima, akawa mtu mzee kuliko wote kuanza kucheza ligi kuu.

Wako waliokasirika. J. G. Taylor Spink, mwenye gazeti kubwa la besiboli wakati huo, aliandika kwamba Veeck anaishusha heshima ya mchezo kwa kuajiri mzee ili kuvuta watu. Paige akajibu kwa mkono. Tarehe 3 Agosti alipoanzishwa mechi kwa mara ya kwanza, watu 72,434 walikuwa uwanjani Cleveland. Tarehe 20 Agosti walikuwa 78,382, na Chicago White Sox hawakupata hata pointi moja mbele yake. Alimaliza msimu na ushindi mara 6 na kushindwa mara 1. Cleveland wakachukua ubingwa, na Oktoba hiyo Paige akawa mrushaji wa kwanza mweusi kurusha katika fainali kuu za Marekani. Inasemekana walipomtaja kwenye mambo ya tuzo ya mchezaji mpya wa mwaka, alitania kwamba hana uhakika wanaongelea mwaka gani.

Hapo ndipo kadi zilipomfikia. Kampuni ya Leaf ya Chicago ilitoa moja, namba 8, ambayo zilichapwa chache hadi watoto wengi wakabaki na pengo kwenye mkusanyiko wao. Kampuni ya Bowman ya Philadelphia ikatoa nyingine mwaka 1949, namba 224. Ile ya Leaf wakusanyaji wengi wanaiita ya mwaka 1948, lakini ilitoka 1949. Kumbe hata kadi ya Paige ina ubishi wa tarehe ya kuzaliwa kama mwenyewe!

Wakusanyaji wana jina kwa kadi ya kwanza ya mchezaji: kadi ya mwanzo. Ndiyo inayopanda bei kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kijana kabla hajawa mkubwa. Sasa angalieni kadi ya mwanzo ya Paige. Mtu aliyomo ameshacheza zaidi ya miaka 20. Ameshaumia mkono na kupona. Ameshashinda fainali. Kadi inamuita mgeni kwenye kazi ambayo aliifanya tangu wengine waliokuwa uwanjani siku hiyo walipokuwa watoto wa shule. Sisi tunamuona pale fundi wetu wa umeme aliyejenga nusu ya mji wa nyumbani, anayeandikwa "mwanafunzi wa mafunzo ya awali" kwa sababu cheti chake kilibaki ng'ambo ya ziwa. Tunamuona mwalimu mwenye miaka 15 ya ubao anayeambiwa aanze upya.

Cleveland walimuacha baada ya msimu wa 1949. Veeck aliponunua St. Louis Browns akamuita tena, mwaka 1951. Timu ilikuwa dhaifu, lakini mzee aliendelea. Tarehe 6 Agosti 1952, akiwa na miaka 46, alirusha zamu 12 peke yake dhidi ya Detroit Tigers, kwani tisa ziliisha bila mshindi, na Detroit hawakupata pointi hata moja. Browns wakashinda 1 kwa 0. Mwaka huo alishinda mechi 12. Alichaguliwa kwenye kikosi cha nyota mwaka 1952, na tena mwaka 1953 akiwa na miaka 47.

Mwaka huo wa 1953 kampuni ya Topps ikamtolea kadi namba 220. Ni kadi nzuri. Picha imechorwa kwa mkono kama mchoro wa rangi, uso wa mtu mzima chini ya kofia ya Browns. Jina lakini wamelikosea. Wameandika Satchell, herufi L mbili. Hiyo ni kampuni kubwa, na mtu ambaye Marekani nzima inamjua, na bado herufi moja imezidi. Sisi tunaojua faili moja inavyoweza kukwama kwa sababu ya herufi moja, tunaiangalia kadi hiyo kwa macho yetu wenyewe.

Baada ya 1953 ligi kuu haikumtaka tena. Akazunguka timu ndogo, Miami na kwingineko, akilipwa kwa mechi. Miaka 12 ikapita.

Halafu ikaja tarehe 25 Septemba 1965. Charles Finley, tajiri mwenye Kansas City Athletics, alikuwa na timu mbovu na viti vitupu. Akamsajili Paige kwa mechi moja dhidi ya Boston Red Sox. Alimwekea kiti cha kubembea kando ya uwanja, na nesi wa kumhudumia, ili watu wacheke. Watazamaji 9,289 walifika. Paige alikuwa na miaka 59, miezi miwili na siku 18.

Akasimama kutoka kwenye kile kiti, akapanda kilima. Alicheza zamu tatu. Alirusha mara 28 tu. Mtu mmoja peke yake alimpiga vizuri, Carl Yastrzemski, ambaye alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa nchi. Hakuna aliyepata pointi. Alipotolewa, taa za uwanja zilizimwa, na watu wakawasha viberiti gizani wakamwimbia. Timu yake ilishindwa baadaye, 5 kwa 2, lakini alipoondoka yeye ilikuwa inaongoza. Rekodi ya mtu mzee kuliko wote kucheza ligi kuu ni yake mpaka leo.

Tulipoijadili habari hii kwenye kikundi chetu, tuligawanyika. Wengine walisema ile 1965 ilikuwa dharau: mzee kageuzwa kichekesho ili tajiri auze tiketi. Wengine wakasema hapana, alionyesha dunia. Tulibishana hadi jua likazama, na tulichokubaliana ni hiki: kiti cha kubembea kilikuwa cha Finley, zile zamu tatu zilikuwa za Paige. Mtu anaweza kukualika kwa sababu zake, akakupiga picha kwa sababu zake. Kazi utakayoifanya ukishasimama inabaki yako. Ila pia tusidanganyane. Mtu anayerusha vizuri hivyo na miaka 59, alirushaje akiwa na 25? Hilo ligi kuu haikuwahi kuliona kwenye mechi zake, na makofi ya gizani hayalirudishi.

Na bado kulikuwa na njaa ya kawaida. Ili mchezaji apate pensheni ya ligi kuu alihitaji kuhesabiwa miaka mitano. Paige alipungukiwa siku 158. Miaka zaidi ya 20 ya Ligi za Weusi haikuhesabiwa hata siku moja. Mwaka 1968 akaziomba timu zimchukue kwa kazi yoyote amalizie siku hizo. Nyingine zilikataa. Atlanta Braves, chini ya William Bartholomay, wakamwandikisha, akakaa nao kama mshauri na kocha hadi siku zikatimia. Kati ya hatua zote za uzeeni mwake, hii haina picha nzuri ya kuweka kwenye kadi. Sisi tunaona ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu mmoja mwenye kalamu aliamua kwamba siku 158 zinaweza kupatikana.

Mwaka 1966 Ted Williams, mpigaji mkubwa mweupe, alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown, alitumia hotuba yake kuwataja Paige na Gibson, akitaka nao waingizwe. Mwaka 1971 Paige akaingia, wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi yake ya Ligi za Weusi. Mwanzoni walitaka kumweka sehemu ya pembeni, mbali na wengine. Watu wakapiga kelele, mpango ukabadilishwa. Alifariki Kansas City tarehe 8 Juni 1982.

Hesabu zenyewe zilisubiri zaidi. Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye vitabu rasmi, na Josh Gibson, yule aliyekosa kwa miezi mitatu, akawa juu ya orodha ya wapigaji wa wakati wote kwa wastani wa .372. Takwimu hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye magazeti ya watu weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yaliyochapa matokeo ya mechi ambazo magazeti makubwa hayakuzigusa. Watafiti walikaa miaka na miaka wakipekua kurasa hizo na kujumlisha. Mechi ambayo mtu aliiandika ilihesabiwa. Ambayo hakuna aliyeiandika imepotea, hata kama Paige alirusha vizuri kuliko siku zote.

Na zile kadi? Leo zinafungwa kwenye plastiki ngumu na kupewa alama 1 hadi 10 kwa usafi wake. Kampuni za kupima zinaangalia kona, kama zimepinda, na picha, kama iko katikati. Kadi ya Leaf namba 8 inauzwa maelfu mengi ya dola hata ikiwa imechakaa. Pesa hiyo inaenda kwa anayeiuza. Aliyechorwa juu yake hapati kitu, wala watoto wake. Hatusemi wakusanyaji ni wabaya. Bila mtoto mmoja kuihifadhi kwenye boksi la viatu, na kuifichia mama yake siku ya usafi, tusingekuwa na picha hiyo. Lakini ni ajabu kwamba kikadi kinathaminiwa kwa kona zake, wakati mtu mwenyewe alihangaikia siku 158.

Kwa hiyo vijana wenzetu, tunaomba jambo moja dogo. Ligi yetu ya mpira hapa kambini ina timu nzuri, na mechi zinachezwa kila Jumapili, lakini ukiuliza nani alifunga mabao mengi miaka mitatu iliyopita, kila mtu ana jibu lake, kama umri wa Paige. Tumenunua daftari moja la kurasa 200. Kuanzia Jumapili hii tunaandika tarehe, timu, waliocheza, waliofunga, na makipa. Majina tunayaandika kama mwenyewe anavyolitamka na kuliandika, na anasoma kabla hatujafunga daftari. Timu za wasichana tunaziandika kwenye daftari hilohilo, si la pembeni. Na tunataka kuandika si mpira tu: mafundi, washonaji, walimu, wakunga, kila mmoja na kazi aliyoifanya nyumbani na miaka aliyoifanya. Wazee wetu bado wapo, wanakumbuka. Nendeni mkawaulize.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, tunawaheshimu, na hatumtaji mtu. Tunawaomba tu, mtu akifika mezani bila cheti, mfanyeni kama Boudreau. Shikeni rungu mumpime. Mpeni mashine ashone, mpeni chaki afundishe nusu saa. Mtajua haraka kama ni mgeni kwenye kazi au ni Paige.

Daftari liko kwa katibu wa kikundi, karibu na kisima cha pili. Mwenye matokeo ya zamani aliyoyahifadhi, hata kama ni kwenye ganda la sigara, atuletee.